Jeli ya diklofenaki hupakwa, haichuliwi

Mteja akiingia dukani akaniambia "nipe dawa ya kuchua", simpi kitu kwanza. Namwuliza anachua wapi, tangu lini, na ni vidonge gani anavyokunywa nyumbani. Wengine hununa. Nauza dawa hapa Wete, Pemba, mwaka wa 16 huu, na neno hilo kuchua limenitia hasara nyumbani kwetu wenyewe.

Mamangu analima mwani upande wa Micheweni. Siku za bamvua, maji yakitoka, saa 3 asubuhi keshaingia pwani, na mpaka saa 6 mchana yumo tu, kainama anafunga mwani kwenye kamba kwa taitai, kisha anabeba magunia yaliyorowa mpaka ufukweni. Goti la kulia likaanza kumkatalia. Nikampelekea tyubu ya jeli ya diklofenaki, nikamwambia "paka asubuhi na jioni", nikawahi gari ya kurudi mjini. Hayo ndiyo maelezo yote niliyompa, mimi mwenye duka la dawa.

Hata wiki haikwisha nikapigiwa simu: goti limetoka malengelenge. Kumbe alipaka, akaona haichomi, akadhani nimempa dawa iliyolala. Akalichua goti kwa nguvu kama anavyochua kwa mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu), akalifunika kwa mfuko wa plastiki, akazungusha kitambaa, kisha akaweka juu yake chupa ya maji ya moto. Kwetu dawa isiyochoma huwa si dawa. Sasa mwambie mtu aliyekulia Pemba, penye mafuta ya karafuu kila nyumba, kwamba jeli hii ikipakwa husikii kitu ila ubaridi kidogo halafu kimya!

Lakini ndivyo ilivyo. Mafuta ya makonyo na dawa zenye mentholi hufanya kazi kwa kuishughulisha ngozi: unasikia moto au baridi, maumivu ya ndani yanasahaulika kwa muda. Diklofenaki njia yake nyingine. Inapenya ngozini na kuzuia mwili usitengeneze vile vitu vinavyoleta uvimbe na maumivu kwenye kiungo. Haihitaji nguvu za mkono, wala moto. Ukiifunika kwa plastiki au ukaipasha moto, ngozi inaipitisha kwa wingi kuliko ilivyokusudiwa, na hapo ngozi yenyewe inaweza kuungua. Vile vile usiichanganye na mafuta ya karafuu mahali pamoja. Mafuta hayo yakiwa makali peke yake tu yanawasha.

Anza na tyubu yenyewe. Tyubu za dawa za maumivu zinafanana mno, nyingi zina picha ya mtu kashika goti au mgongo mwekundu. Usinunue picha. Soma maandishi madogo yaliyo chini ya jina la biashara. Ikiwa imeandikwa diklofenaki peke yake, asilimia 1 au 1.16, ndiyo ninayoizungumzia hapa (hizo namba mbili zisikubabaishe, ni aina mbili za chumvi ya dawa ile ile na nguvu yake ni moja). Lakini ziko nyingi zilizochanganywa: diklofenaki, methili salisileti, mentholi, mafuta ya kitani, nyengine mpaka pilipili. Hizo ndizo zinazochoma, na ndizo wateja wangu wanazozipenda. Si haramu kuzitumia, ila jua kwamba methili salisileti ni ndugu wa aspirini, kwa hiyo unajipaka dawa mbili za ukoo mmoja kwa pamoja. Tazama pia tarehe ya kwisha muda, na kwamba ule ubati mwembamba wa mdomoni haujatobolewa. Tyubu iliyokwishatobolewa irudishe hapo hapo.

Kabla ya kupaka, jiulize wewe ni nani. Ndiyo, wewe, maana jeli hii ingawa inakaa juu ya ngozi, kiasi chake huingia kwenye damu. Ni kidogo, kama asilimia 6 tu ya kile ambacho kingeingia ungemeza kidonge. Kwa mtu mzima mwenye afya hilo halina neno. Kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, anayetumia dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi kama warfarini, au mwenye pumu ambayo humpanda akimeza aspirini, lina neno: amwone daktari kwanza. Mjamzito asiitumie bila ya kuuliza kliniki, na mimba ikishafika wiki 20 ndiyo aiwache kabisa, mpaka daktari mwenyewe aseme vingine. Watoto nao si wa kupakwa. Mama yangu ana presha na anakunywa vidonge kila siku, na dawa za ukoo wa diklofenaki zinaweza kuipandisha presha na kuzisumbua figo. Nilipaswa kumwuliza daktari wake kabla ya kumpelekea ile tyubu. Nilimwuliza baadaye, malengelenge yalipokwisha kupona, akakubali kwa masharti ya kupima presha mara kwa mara.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwenye habari ya vidonge, maana ndipo panapoharibika zaidi. Mtu anapaka jeli ya diklofenaki asubuhi, mchana anameza diklofenaki ya miligramu 50 aliyopewa na shemeji yake, usiku goti bado linamuuma, anaongeza ibuprofeni. Kwa macho ni dawa tatu, kwa kazi ni moja. Liko na lile kundi la vidonge vinavyochanganya diklofenaki na paracetamol ndani ya kidonge kimoja, watu wanaviita kwa jina la biashara tu na hawajui ndani mna nini. Na zipo sindano. Alinijia mzee mmoja, mpanda mikarafuu, alikuwa anapaka, anameza, na kachomwa sindano siku mbili mfululizo mahali fulani, anataka tyubu ya pili. Nilipomwuliza kuhusu choo akanitazama vibaya, kisha akasema polepole kwamba ni cheusi. Choo cheusi kama lami maana yake damu inavuja tumboni. Hakuondoka na tyubu siku ile, aliondoka na mjukuu wake kwenda hospitali.

Kwa hiyo ukiwa unapaka jeli na bado unahitaji cha kumeza, paracetamol ndiyo ya kuichukua, na mtu mzima asipitishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima. Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu, aspirini ya maumivu: hizo ziweke kando. Ikiwa aspirini yako ndogo uliandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo, usiiwache kwa kichwa chako, muulize.

Sasa kupaka. Osha mahali penyewe kwa maji baridi na sabuni, kausha, kisha pakague kwenye mwanga. Kwa wakulima wa mwani hili ni kubwa, maana ukitoka pwani miguu ina mikwaruzo ya makome na miba ya shokowe ambayo wala hukuisikia ilipoingia. Jeli haipakwi juu ya kidonda, mkwaruzo, upele wala ngozi iliyobabuka. Subiri pafunge.

Kipimo ndipo watu wanapokosea kwa upande wa pili. Kutwa nasikia "nimepaka haikunifaa", nikiuliza tyubu ya gramu 30 imekaa muda gani naambiwa miezi miwili. Huko ni kuipaka chembe chembe kama ugoro. Kamua jeli iwe mstari juu ya kidole chako cha shahada, tangu ncha mpaka kwenye mkunjo wa kwanza. Kwa tyubu yenye mdomo wa kawaida, hiyo ni kama nusu gramu. Goti, kifundo cha mguu au unyayo wa mtu mzima vinataka gramu 4, yaani mistari minane. Kiwiko, kiganja au kifundo cha mkono, gramu 2, mistari minne, kama zambarau ndogo hivi. Mara nne kwa siku ndiyo mwisho, na ukijumlisha viungo vyote usipite gramu 32 kwa siku. Piga hesabu utaona: goti moja likipakwa kipimo kamili, tyubu ya gramu 30 haimalizi siku mbili. Ni gharama, sikatai. Ndiyo maana namshauri mtu achague kiungo kimoja kinachomtesa zaidi akipe haki yake, badala ya kujipaka mwili mzima kama mafuta ya nazi.

Tandaza kwa mkono mwepesi kuzunguka kiungo chote, mbele, pembeni na nyuma, mpaka ipotee. Basi. Ukihesabu hamsini inatosha. Kisha nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa macho, kabla hujamshika mtoto, kabla hujakata mkate. Ikiwa mikono ndiyo inayotibiwa, usiinawe kwa saa moja, na muda huo usile kwa mkono. Ngoja dakika 10 ndipo ushushe nguo juu yake. Usifunge bandeji, usiweke plastiki. Na saa moja nzima pasiingie maji.

Saa moja hiyo ndiyo iliyonitia mtihani, kwa sababu sisi hatukai masaa mengi bila ya kutia udhu. Goti halimo katika udhu, kwa hiyo mwenye goti yuko huru. Lakini vidole, kiwiko na kifundo cha mguu vinapita maji mara tano. Nilichowafundisha wateja wangu ni hiki: paka baada ya sala, usipake kabla. Ukimaliza alfajiri, paka. Ukimaliza adhuhuri, paka. Alasiri vile vile. Magharibi iache, muda wake na isha ni mfupi, paka ukishasali isha na kuosha vyombo. Hizo ni mara nne, na huhitaji saa ya mkononi. Kwa mama yangu siku za bamvua, ile ya alfajiri inapata masaa kabla maji ya chumvi hayajamfika, ya adhuhuri anaipaka akisharudi na kuoga. Akienda pwani huvaa suruali chini ya kanga, maana mahali palipopakwa pasipigwe na jua kali.

Jambo jengine la jikoni. Baadhi ya jeli hizi zina mafuta ya parafini, na kanga iliyoinyonya kila siku inashika moto haraka kuliko kanga safi. Unapikia kuni au mkaa, umechutama, goti liko karibu na jiko. Fua nguo hizo mara kwa mara, na ukitoka kupaka usikimbilie jikoni.

Kuna maumivu ambayo sikuuzii jeli hata ukinipa pesa mara mbili. Kiungo kilichovimba ghafla, chekundu, cha moto, na wewe una homa. Aliyeanguka mkarafuu na mguu haukanyagi. Hata asiguswe, apelekwe apigwe picha. Mguu mmoja uliovimba nyuma ya muundi bila ya sababu. Maumivu ya kifua, ambayo watu huyaita upepo na kuyachua. Mtoto mwenye seli mundu anayelia na viungo. Hao wote ni wa hospitali. Na mgongo, au nyonga, sitokukatalia, lakini nakwambia mapema kwamba jeli hii hufanya kazi vizuri pale kiungo kilipo karibu na ngozi, na nyonga iko mbali chini ya nyama.

Usitarajie ajabu siku ya kwanza. Goti lililochakaa linaweza kuchukua siku 7 ndipo uone tofauti. Zikipita siku hizo pasiwe na nafuu yoyote, usinunue nyengine, kamwone daktari. Ikikufaa, mteguko usipakwe zaidi ya wiki mbili, na kiungo kilichochakaa wiki tatu, bila ya kuuliza. Ukiona vipele, muwasho au ngozi inababuka, osha na uwache. Uso au midomo ikivimba, pumzi ikikukaba, au choo kikiwa cheusi, usingoje kuche.

Tyubu iweke mahali pa kivuli. Isikae dirishani wala kwenye gari, na iwe juu pasipofikiwa na watoto. Andika kwa kalamu tarehe uliyoifungua. Usimwazime jirani, maana huzijui figo zake.

Mama sasa ana kibuyu chake cha plastiki anachowekea tyubu, na kila nikenda kumtazama ananionesha alama alizochora ukutani kwa mkaa, nne kila siku. Mara ya mwisho zilikuwa tano. Nilipouliza, akasema ile ya tano ni mafuta ya makonyo, lakini kayapaka goti la kushoto.