Nani Anasimama Nyuma ya Kiti: Mwongozo kwa Wasusi Wetu Wanaotaka Kazi za Filamu Ireland

Jumapili moja, saa mbili usiku, binti mmoja alibisha mlango wangu hapa Blanchardstown, kitongoji cha Dublin. Mwigizaji, miaka ishirini na kitu, amepata nafasi ya muuguzi kwenye tamthilia. Gari la kumchukua lingefika saa kumi na moja alfajiri. Aliambiwa "aje na nywele tayari." Nikamkalisha, nikamsuka twende kilioni ndogondogo ili wigi ikae vizuri juu yake, tukamaliza saa sita na nusu usiku. Alinilipa kwa pesa yake. Nilipomuuliza wenzake wanafanyaje, akasema, "Wao wanatengenezwa kwenye trela, mama. Wanakunywa chai huku wanatengenezwa."

Sikulala vizuri usiku ule. Wote wawili wameajiriwa, wote wataonekana kwenye fremu moja, lakini mmoja anapata usingizi wake kamili na mwenzake anafika na macho mekundu na pochi iliyopungua. Watu wakizungumza juu ya sura zetu sisi weusi kwenye filamu na runinga za Ireland huhesabu walio mbele ya kamera. Mimi naomba wahesabu pia wanaosimama nyuma ya kiti cha mwigizaji. Ndiyo maana naandika haya kwa ajili yako msusi, au mpambaji, uliyejifunzia Tanga kama mimi, au Kisumu, au Goma, ukahamia huku na sasa unasuka jikoni kwako mwisho wa wiki.

Tuanze na karatasi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanakwama. Angalia kadi yako ya ukaazi imeandikwa Stamp gani, yaani aina ya ruhusa uliyopewa. Mwenye Stamp 4 anaruhusiwa kuajiriwa au kujiajiri. Mwanafunzi mwenye Stamp 2 anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo na 40 wakati wa likizo zilizopangwa, lakini haruhusiwi kujiajiri, kwa hiyo usikubali kazi ya kutoa ankara kwa jina lako. Omba uingizwe kwenye orodha ya mishahara. Anayesubiri uamuzi wa hifadhi anaweza kupata kibali cha kufanya kazi baada ya miezi kadhaa, na kibali hicho kinahusu pia kujiajiri. Namba ya PPS, ile ya kodi na huduma za serikali, lazima iwepo. Kama unajiajiri, jiandikishe Revenue, mamlaka ya kodi, na ukate bima ya dhima, ile inayolipa ukimdhuru mteja, kabla hujagusa kichwa cha mtu.

Halafu gari. Wengi wanacheka nikilitaja, lakini ndilo lililonikosesha kazi zangu mbili za kwanza. Studio za Ardmore, ambazo zipo tangu 1958, ziko Bray, kusini mwa Dublin. Treni inafika huko, lakini wewe unatakiwa uwe umesimama na chanuo mkononi saa kumi na nusu alfajiri, na saa hiyo treni bado imelala. Leseni ya Tanzania au Kenya haibadilishwi hapa kama inavyobadilishwa ya Afrika Kusini. Utaanza upya: mtihani wa nadharia, leseni ya mwanafunzi, masomo ya lazima ambayo kwa anayeanza kabisa ni 12, kisha mtihani wa barabarani. Anza mwezi huu, usingoje kazi ipatikane.

Kazi zenyewe zipo, na zipo kwa sababu inayohesabika. Serikali ya Ireland huwarudishia watayarishaji asilimia 32 ya gharama zinazostahili kupitia msamaha wa kodi unaoitwa Section 481, ndiyo maana Wamarekani na Waingereza wanakuja kurekodi huku. Jambo linalokuhusu wewe ni hili: miradi mikubwa inayoomba msamaha huo hutakiwa kuwa na mpango wa kukuza ujuzi, maana yake ni lazima wachukue wanafunzi wa kazi. Screen Ireland, shirika la serikali la filamu, nalo lilianzisha vituo vya kukuza vipaji mwaka 2021, na vile vya mafundi viko Wicklow, Galway na Limerick. Jiandikishe kwenye kilicho karibu nawe. Wanatoa mafunzo mafupi, na hapo ndipo majina yanaposomwa watu wanapotafutwa.

Usiandike barua kwa "kampuni." Mara nyingi nywele na vipodozi ni idara mbili tofauti, na kila moja ina mkuu wake, andika kwa mkuu wa nywele. Mistari mitano inatosha: wewe ni nani, unakaa wapi, una gari, unasuka nini na kwa muda gani. Muda ndio unaowashika. Mkuu wa idara asiyewahi kushika nywele za kipilipili hajui kama rasta za mgongoni ni saa mbili au saa saba, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya amwambie mwigizaji "aje tayari." Mwandikie: mistari ya kawaida ya chini ya wigi, saa moja na nusu; rasta za kati, saa tano, wasusi wawili saa tatu; kufumua, saa mbili. Ambatanisha picha za kichwa kimoja zilizopigwa dirishani kwa mwanga wa mchana: mbele, pembeni, kisogoni, na nyingine ya kichwa hichohicho baada ya siku kumi. Picha za harusi zenye taa na mapambo hazimwambii kitu.

Ukiitwa, sasa kazi.

Zungumza na mwigizaji kabla ya siku ya kwanza. Mwulize ana dawa kichwani au hana, nywele zinakatika wapi, mara ya mwisho alifumua lini, gundi gani inamuwasha. Andika. Kisha nenda kwa mkuu wako na uombe siku ya maandalizi yenye malipo, ya mwigizaji na yako, iandikwe kwenye ratiba. Hapa usione haya. Sema kwa upole, lakini sema: saa tano za kusuka ni saa za kazi.

Soma muswada wote, si kurasa za mtu wako tu. Hadithi inaweza kuwa ya wiki moja, lakini kurekodi kukachukua wiki nane, tena bila kufuata mpangilio. Nywele zinaota. Wiki ya tano ukiangalia mizizi yake utaona karibu sentimita moja ya nywele mpya, na tukio linalorekodiwa siku hiyo ni la asubuhi ya siku iliyorekodiwa wiki ya kwanza. Kwa hiyo panga kurudia mistari ya mbele kila baada ya siku kumi hivi, au shawishi idara itengeneze wigi ya rasta zilezile tangu mwanzo. Piga picha kila siku, pande nne, na uhesabu mistari. Nimewahi kuona mistari minane ikawa tisa baada ya chakula cha mchana. Na uliza kama kuna mtu atakayemwakilisha kwenye matukio ya hatari, kwa sababu naye lazima asukwe vilevile, wala asivishwe kofia ya sufu wakitumaini kamera haitaona.

Hali ya hewa ya Ireland ni adui wa nywele zilizonyooshwa kwa pasi. Manyunyu ya dakika kumi tu, zimerudi kipilipili. Kama tukio ni la nje, mwambie mkuu mapema kwamba mtindo huo hautadumu, upendekeze kusuka au kubana. Beba mwavuli mpana, skafu ya hariri, na mafuta mepesi. Baridi nayo inapausha ngozi, na hapa wapambaji wengi wanaishia usoni. Tazama viganja, viwiko, magoti, nyuma ya masikio. Muuguzi anamshika mgonjwa mkono, kamera inasogea, na mkono umepauka kama umetoka kwenye unga. Chombo cha mafuta kikae mfukoni mwako muda wote.

Usoni, kama nako unahusika, kumbuka uso wetu hauna rangi moja. Paji la uso na pembeni mwa mdomo mara nyingi ni peusi kuliko mashavu. Ukipaka faundesheni moja kote, umefuta uso wa mtu ukamwekea barakoa. Changanya mbili au tatu, na usidanganywe na zile poda zinazosemekana hazina rangi. Nyingi zinaacha majivu. Tena usikaushe kila mng'ao. Mpiga picha anayejua kazi yake huuchora uso mweusi kwa ule mng'ao wa shavuni na kwenye mfupa wa pua, na ukiuzima wote kwa poda anabaki hana cha kushika, anaongeza taa, na ukuta wa nyuma unawaka kuliko mtu. Simama karibu na skrini ya mwongozaji, tazama uso ulivyo pale, si ulivyo kwenye kioo cha trela. Ukiona haupo sawa, mweleze mkuu wako, naye azungumze na idara ya kamera. Usiwaruke.

Kuna siku utaulizwa mambo yasiyo yako. "Shangazi wa Kiafrika angevaa hivi?" "Hii sentensi ni Kiswahili sahihi?" Ukijua, jibu, na uombe jina lako liandikwe kama mshauri na ulipwe. Kama mhusika ni Mnigeria, sema wewe unatoka Tanga na wamtafute Mnigeria. Wako wengi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 67,546 waliojitambulisha kuwa weusi wenye asili ya Afrika, na mkazi mmoja kati ya watano wa nchi hii alizaliwa nje yake.

Nisisahau wenzetu wa hapahapa. Jamii ya Travellers, Wairishi wenye desturi ya kuhamahama, watu 32,949 kwenye sensa hiyohiyo, wapo Ireland kwa karne nyingi, na ilibidi wangoje hadi Machi 1, 2017 ndipo serikali iwatambue kuwa kabila. Mwigizaji John Connors, mmoja wao, alishinda tuzo ya mwigizaji bora ya IFTA, tuzo za filamu na runinga za Ireland, mwaka 2018. Ukimkuta binti wa Traveller anafagia trela na anatamani kujifunza, mpe chanuo. Nami nilipewa na Mwairishi mmoja mwenye mvi, aliyeniambia waziwazi kwamba amefanya kazi miaka thelathini na hajui kusuka, na akaomba nimfundishe. Tulibadilishana: mimi mistari, yeye kubandika wigi yenye lesi ili ukingo wake usionekane hata kwenye fremu ya karibu. Ujuzi huo ndio unaonilisha mpaka leo.

Malipo. Usitaje bei ya kichwa kama saluni. Hapa unauza siku, na siku ina saa zake, na zikipita kuna malipo ya ziada. Uliza malipo ya kukodisha vifaa vyako, kwa sababu rasta, gundi na mafuta ni vyako. Uliza mafuta ya gari. Yote yawe kwenye maandishi kabla ya siku ya kwanza. Chama cha waigizaji, Irish Equity, kiko chini ya SIPTU, chama kikubwa cha wafanyakazi. Mwigizaji wako akiambiwa tena "njoo na nywele tayari," mwelekeze huko akaulize haki yake.

Na ratiba ikifika siku ya mwisho, hakikisha kufumua kumo ndani yake. Wengi wanasahau. Watu wanakunywa, wanakumbatiana, na mwigizaji mweusi anatoka getini na rasta za mhusika kichwani, zenye gundi ya wiki nane, akafumue mwenyewe nyumbani. Mimi huomba saa mbili na nusu za mwisho. Yule binti wa Jumapili tulikutana tena kwenye kazi nyingine, mwaka uliofuata, safari hii mimi nikiwa kwenye orodha. Nilimfumua taratibu, nikamwosha kwa maji ya moto ya trela, nikampitishia mafuta ya nazi kwenye kila njia ya kichwa. Alisinzia kitini. Dereva alipokuja kuuliza kama tumemaliza, nikamwambia asubiri nje kidogo.