Wiki zako za radiolojia Mbeya: anzia kwenye fomu, siyo kwenye siti skani

Mwanafunzi wa udaktari akipangiwa radiolojia, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au hospitali ya mkoa Iringa, miguu humpeleka moja kwa moja chumba cha siti skani. Picha zake zinavutia, hilo halina ubishi. Ila ukimaliza mafunzo tarajali unaweza kupelekwa Ileje, Makete au Chunya, na huko utakacholetewa saa nane usiku ni picha ya kifua, bila daktari bingwa wa kumuuliza. Gawa muda wako kwa kufuata kazi inayokusubiri: nusu eksirei za kawaida, robo ultrasaundi, kinachobaki siti skani. Emarai (MRI) itazame ukibahatika.

Siku mbili za mwanzo usikae kwenye chumba cha kusomea picha. Kaa na wataalamu wa mionzi wanaopiga picha, wape shikamoo yao, kisha omba kusaidia kumpanga mgonjwa. Kwa picha ya kifua husimama akikabili kaseti (bamba linalopokea picha), kidevu juu, mikono kiunoni, mabega yamesukumwa mbele, mashine ikiwa nyuma yake sentimita 180, anavuta pumzi ndefu na kuibana. Kila hatua inayorukwa hapa hugeuka "ugonjwa" baadaye. Mabega yasiposukumwa mbele, ukingo wa mfupa wa bega hulala juu ya pafu na kufanana na mstari wa pafu lililosinyaa. Asipovuta pumzi vizuri, moyo huonekana mkubwa na sehemu za chini za mapafu huwa na weupe unaodhaniwa ni nimonia.

Juni na Julai Mbeya kuna baridi, na wagonjwa huja wamevaa nguo tatu nne. Fundo la kitenge, kifungo, sarafu iliyofichwa kwenye sidiria, vyote hutokea kwenye picha. Rasta zilizoangukia begani huweka kivuli juu kabisa ya pafu, mahali hasa tunapotafuta kifua kikuu. Kwenye picha ya tumbo tegemea shanga za kiunoni na hirizi. Omba zitolewe kwa staha, nyuma ya pazia, na kama mgonjwa ni mama basi aulizwe na mwanamke. Hapo hapo aulizwe tarehe ya hedhi ya mwisho, akiwa peke yake. Mbele ya mama mkwe hutapata jibu la kweli.

Kuhusu mionzi yenyewe, jua viwango. Picha moja ya kifua ni takriban milisiveti 0.02. Siti skani ya tumbo hufika 8 hadi 10. Mionzi ya asili, kwa wastani wa dunia, ni kama 2.4 kwa mwaka. Kikomo kwa mfanyakazi ni wastani wa 20 kwa mwaka, kwa raia ni 1. Usikubali kumshika mtoto wakati picha inapigwa. Ashikwe na mzazi asiye mjamzito, aliyevaa aproni ya madini ya risasi. Umbali nao ni kinga: ukiuongeza mara mbili, mionzi inayokufikia hubaki robo.

Sasa fomu ya maombi. Chukua fomu ishirini za siku moja, usome sehemu ya maelezo. Nyingi zimeandikwa "kikohozi" au "maumivu ya tumbo", basi. Msomaji wa picha hawezi kujibu swali ambalo hajaulizwa. Linganisha na hii: "Mwanaume, miaka 34, anaishi na VVU, CD4 ni 80, kikohozi wiki tatu, homa, amepungua uzito. Je, kuna dalili za kifua kikuu au maji kifuani?" Umri, muda, hali ya kinga (CD4 ni hesabu ya seli za kinga), ulichokikuta ulipompima, na swali moja mwishoni. Jizoeze kuandika upya zile mbovu kwenye daftari lako. Hakuna zoezi la radiolojia litakalokufaa zaidi wodini.

Unaposoma picha ya kifua, thibitisha kwanza jina, tarehe na alama ya kushoto au kulia. Kisha ubora. Ncha za ndani za mitulinga, mifupa ya juu ya kifua, ziwe sawa kwa umbali kutoka katikati ya uti wa mgongo, la sivyo mgonjwa alikuwa amegeuka na pafu moja litaonekana jeusi kuliko jingine. Hesabu mbavu za nyuma: 9 au 10 juu ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, zinatosha. Pingili za mgongo zionekane kwa mbali tu nyuma ya moyo. Baada ya hapo fuata njia ileile kila siku: trakea (bomba la hewa), mapafu kwa kulinganisha kulia na kushoto, moyo, pembe za kiwambo, mifupa, nyama za nje. Moyo upime kwa rula: upana wake usizidi nusu ya upana wa ndani wa kifua. Kipimo hicho ni cha mtu mzima aliyesimama vizuri. Picha ya mgonjwa aliyelala, mashine ikiwa mbele yake, huukuza moyo, usimwandikie ugonjwa kwa hiyo.

Rudi tena sehemu nne ambazo macho huzipita: juu ya mitulinga, nyuma ya moyo, kwenye mizizi ya mapafu (mishipa na njia za hewa zinapoingilia), na chini ya kiwambo.

Njombe, Iringa na Mbeya ni mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na hilo hubadilisha usomaji. Kifua kikuu cha vitabuni, chenye shimo juu ya pafu, ni cha mtu mwenye kinga. Kinga ikishuka, tegemea mitoki iliyovimba kwenye mizizi, weupe sehemu za chini, chembe ndogo zilizotapakaa pafu zima, au picha safi kabisa. Picha safi haimwondolei mgonjwa huyo kifua kikuu. Makohozi yapimwe hata hivyo.

Hapo ndipo ultrasaundi inapolipa. Jifunze kutafuta maji kwenye utando wa moyo, kifuani na tumboni, mitoki ya tumbo iliyozidi sentimita 1.5, na madoa madogo meusi kwenye wengu. Kwa majeruhi wa bodaboda au wa ajali za mteremko wa Inyala, tazama sehemu nne: kati ya ini na figo ya kulia, kati ya wengu na figo ya kushoto, nyuma ya kibofu, na kuzunguka moyo. Damu iliyo chini ya mililita 200 hivi inaweza isionekane, kwa hiyo rudia baada ya nusu saa kama mapigo ya moyo bado yanapanda. Chupa ya jeli iloweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Jeli ya Julai ikimgusa mgonjwa tumbo hukaza na hutaona kitu. Ukitaka kuona mimba kwa wingi, omba siku kadhaa Hospitali ya Wazazi Meta.

Siti skani: jua namba za msingi za weusi na weupe wa picha, kwa kipimo cha Hounsfield. Maji ni 0, hewa hasi 1000, mafuta karibu hasi 100, damu mbichi 50 hadi 80. Kichwa cha majeruhi hupigwa bila dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani, maana dawa hiyo nayo ni nyeupe kama damu. Damu yenye umbo la dengu iko nje ya utando mgumu wa ubongo. Yenye umbo la mwezi mwandamo iko chini yake. Kabla ya dawa ya kung'arisha, uliza mzio na tazama kreatinini, kipimo cha kazi ya figo.

Kila siku andika ripoti tano zako kabla ya kusoma ya daktari bingwa: ulichoona, unachodhani, hatua inayofuata. Zilinganishe jioni. Ukipiga picha za kujifunzia kwa simu, omba ruhusa ya idara na ufiche jina na namba ya faili. Kundi la WhatsApp la darasa si mahali pa faili la mgonjwa.