Jinsi ya kuongea siasa na wazazi bila kuishia kununiana

Hii ni ya wale wa Kenya ambao tangu maandamano ya vijana ya Juni 2024 hawamalizi chakula cha jioni kwa amani, wewe unasema nchi inaweza kubadilika, mzee anasema mtaumia bure, mama anaomba muongee mambo mengine.

Kabla ya kubishana, mtafutie mwaka wake. Piga hesabu alikuwa na miaka 20 hivi lini, maana mara nyingi hapo ndo mtu aliamini serikali ama akaiogopa na haimtoki tena. Babu aliyekuwa kijana 1963 ukimtukana rais anasikia umetukana uhuru wenyewe. Aliyekua baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 alizoea kuangalia nani amekaa nyuma yake kwa matatu kabla ya kufungua mdomo, alafu 1988 ikaja kura ya mlolongo, watu wamepangwa nyuma ya picha ya mgombea, wote wanaona laini gani ni ndefu, na bado mwenye laini fupi anatangazwa mshindi. Huyo usimwite mwoga, tafadhali.

Sasa wa 2002, hapa ndo pana kazi, kwa sababu hawa walishaonja. Miaka 24 ya Rais Moi iliisha, Kibaki akaapishwa rais Uhuru Park akiwa kwa wheelchair, Januari 2003 shule ya msingi ikawa bure, na abiria wa kawaida tu walikuwa wanamkaripia polisi barabarani akiitisha kitu kidogo. Miaka mitano baadaye, kura ya 2007 ikaleta ubishi, majirani wakachinjana, watu zaidi ya 1,100 wakafa. Kwa hivyo mama akikwambia "hata sisi tulisema hivyo" hajakudharau, anakuogopea.

Namna ya kumuuliza pia ni muhimu. "Mbona mlinyamaza?" inafunga mdomo hapo hapo. Muulize alichoona kwa macho: siku ya kuapishwa Kibaki ulikuwa wapi, nani alikuwa na TV, baba alisema nini? Akianza usimkate hata akikosea tarehe.

Zamu yako ikifika usianze na hotuba. Mwambie vile mlisoma wenyewe kwa simu Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, mkatoka bila chama na bila kuulizana kabila, na Juni 26 rais akasema hatausaini. Hapo mzee lazima afikirie kidogo. Lakini usiruke waliouawa kwa maandamano Juni 25, kwa sababu yeye hao ndo anawaona kila ukifungua mlango kutoka, mwambie wazi utakuwa wapi, na nani, na utarudi saa ngapi.

Na kama kwenu kuna mtu aliyepiga kura Mei 1963, ile ya kabla ya uhuru, sa hii ako zaidi ya miaka 80, omba ruhusa umrekodi kwa simu, alafu faili uipe jina lake na tarehe usije ukaipoteza. Wamebaki wachache, anza na huyo.