Kabla Hujatundikiwa Dripu ya Kwanza: Mambo ya Kuzingatia Ukiwa Kijana na Umeambiwa Una Saratani

Nilikuwa na miaka 24 nilipoambiwa kwamba uvimbe ulioota juu ya mtulinga wangu wa kushoto haukuwa mtoki wa kawaida. Ilikuwa limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi za limfu, na ni miongoni mwa zile zinazowapata sana vijana. Kati ya siku ile na dripu ya kwanza zilipita siku 11. Nilizimaliza kwa kulia, kusoma habari za kutisha kwenye simu hadi alfajiri, na kupokea wageni. Ningerudishiwa siku hizo, ningefanya mambo mengine kabisa, na ndiyo haya ninayokuandikia wewe uliyeambiwa wiki hii. Yasome pamoja na mtu mwingine, maana najua kichwa chako sasa hivi hakishiki kitu.

Anza na karatasi. Usitoke hospitali na neno "saratani" tupu. Omba nakala ya majibu ya kinyama kilichokatwa, uone jina kamili la ugonjwa, na umuulize daktari uko hatua ya ngapi na amejuaje. Kila karatasi ipige picha, umtumie mtu mmoja unayemwamini, na zenyewe ziweke kwenye faili moja. Ulizia pia kama kinyama chako bado kimehifadhiwa. Maabara hukitunza ndani ya nta, na mtaalamu mwingine anaweza kukipima tena bila wewe kukatwa upya. Kutaka jicho la pili si kumvunjia daktari heshima.

Kumwona daktari nenda na mtu mwenye kalamu. Wa kulia pamoja nawe atakuja jioni.

Uliza swali hili kwa maneno haya haya: lengo la tiba hii ni kuniponya, au ni kuudhibiti ugonjwa na kunipunguzia maumivu? Ukishajibiwa, ziba masikio kwa hadithi za fulani naye alikuwa nayo. Saratani ni magonjwa mengi yaliyopewa jina moja, na tiba zake hubadilika. Saratani ya korodani, ambayo huwaandama vijana wa kiume, ilikuwa ikiua wengi pindi iliposambaa. Mwaka 1974 daktari Lawrence Einhorn wa Indiana, Marekani, akaanza kuchanganya sisplatini na dawa nyingine mbili, na leo wengi wanapona hata ikiwa imeshafika mapafuni. Anayekusimulia ya mjomba wake wa zamani hakusimulii ya kwako.

Uzazi. Hili huulizwa kabla ya dripu ya kwanza, kwa sababu baada yake huenda pasiwe na la kuuliza. Baadhi ya dawa za kemo, yaani zile za dripu zinazoua chembe za saratani, siklofosfamidi ikiwemo, na mionzi ya nyonga, zinaweza kuharibu mayai au kukomesha mbegu. Daktari mwenye foleni ndefu anaweza asikumbuke kukuambia, au akakuona mdogo mno kuzungumzia watoto. Ulizia wewe, hata kama mama yako amekaa pembeni na unaona haya. Kwa mwanamume, kuhifadhi mbegu ni kazi ya siku moja au mbili. Hugandishwa kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na hukaa miaka mingi. Kwa mwanamke, kuvuna mayai huhitaji sindano za homoni kwa takriban wiki mbili, ndiyo maana swali haliwezi kungoja. Kuna wakati ugonjwa hautoi hizo wiki mbili, na kuna wakati huduma haipo au gharama haishikiki. Uliza hivyo hivyo, ili uamuzi uwe wako. Kijana mmoja tuliyelazwa naye, kitanda cha dirishani, alilisikia jambo hili kwa mara ya kwanza kutoka kwangu, akiwa kwenye mzunguko wa tatu. Aligeukia ukutani, na hakuniongelesha mpaka kesho yake jioni. Na mkiwa kwenye tiba tumieni kinga, kwa sababu dawa hizi ni hatari kwa mimba.

Meno yatazamwe kabla, lenye kutoboka litibiwe mapema. Chanjo usichome yoyote bila daktari wako wa saratani kujua. Dawa za mitishamba unazotumia zitaje zote kwa majina yake, kwa kuwa nyingine huingilia kazi ya ini katika kuzichakata dawa za kemo. Chuoni au kazini omba ruhusa ya kuahirisha, kwa maandishi, ukaambatanishe barua ya daktari. Usiache. Kuacha ni uamuzi wa mtu mwenye afya, na wewe utaufanya ukishapona ukitaka.

Sasa watu. Hapa ndipo nilipoumia, na hapa usinisome kwa haraka.

Wiki ya kwanza nyumba yetu ilijaa mpaka tukaazima viti kwa jirani. Jumbe za pole zilipita mia mbili. Kila aliyekuja alisema neno moja: ukihitaji chochote, sema. Nami nikajibu asante kila mara, na sikumpa mtu kazi hata moja. Niliona kuomba ni kujidhalilisha, na zaidi ya hapo sikuwa nahitaji kitu, kwa sababu wiki ya kwanza bado nilikuwa na nguvu za kuwasindikiza wageni hadi mlangoni.

Tiba yangu ilikuwa dawa nne kwa mkupuo, moja yao nyekundu kiasi cha kuufanya hata mkojo kuwa mwekundu, kila baada ya wiki mbili, mara 12. Ni miezi sita. Kufikia dripu ya tisa mwezi wa tano ulikuwa umeingia. Dada alikuwa amesharudi kazini kwake mbali. Mama alikuwa amekwenda kumuuguza bibi. Marafiki hawakunitupa, ila waliona nimeshazoea, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwaambia niko sawa. Siku ya kumi baada ya dripu hiyo, saa nne usiku, nilianza kutetemeka. Meno yakagongana hadi nikauma ulimi. Kipimajoto hakikuwepo nyumbani. Nikashika simu nikapitisha majina juu chini. Nikamwandikia rafiki yangu mmoja, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena, nikijiambia kesho ana kazi, na saa tano usiku si saa ya kumsumbua mtu. Nikameza parasetamoli mbili. Homa ikashuka, nikaona nimeyamaliza, nikalala.

Saa kumi alfajiri nilizindukia sakafuni, shavu likiwa kwenye sementi, nisijue nimefikaje pale. Niliyempigia alikuwa ni yule yule niliyefuta ujumbe wake mara mbili. Alifika kwa dakika 20, shati amelivaa ndani nje. Maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu, nikalazwa siku tisa, mbili kati ya hizo sizikumbuki. Nilipoweza kuongea, rafiki yangu aliniuliza, "Kwa nini hukunipigia saa nne?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa analia. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kilichotokea kina maelezo mepesi, na ningeelezwa nikaelewa kabla, nisingemeza zile parasetamoli. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, na mara nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Katika siku hizo mwili hauna askari. Homa ikifika nyuzi 38, hata kama ni usiku wa manane na hata kama unajisikia unaweza kuvumilia, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Ukifika, sema neno la kwanza mlangoni: niko kwenye kemo na nina homa. Unatakiwa kuanzishiwa dawa za bakteria za mshipani mapema sana, ndani ya saa moja ikiwezekana, wala usikae kwenye foleni ya watu wa mafua. Parasetamoli kabla ya kupima inaificha homa huku maambukizi yanaendelea.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya dripu ya kwanza, wakati nyumba bado imejaa. Huruma za watu huja kwa kishindo mwanzoni, na shida hukufika katikati, wenyewe wameshatawanyika. Chukua daftari, uandike tarehe zote za dripu hadi ya mwisho, na mbele ya kila tarehe jina la mtu. Anayesema "ukihitaji chochote", mjibu pale pale: nahitaji unisindikize hospitali tarehe kadha, na siku ya kumi baada yake unipigie saa tatu usiku. Watu hupenda kupewa kazi yenye tarehe. Wengi walikuwa hawajui tu wafanye nini. Akikataa, umejua mapema, na usimchukie.

Chagua mtu wa usiku. Mmoja, na wa pili wa akiba. Huyu mpatane waziwazi: nitakupigia saa yoyote, simu yako haitazimwa, na sitaanza kwa kuomba radhi. Mwonyeshe namba ya wodi na faili lilipo. Chagua na msemaji, mtu wa kuwapa ndugu habari zako, ili usirudie majibu yako mara 40 kwa siku moja na kila ukirudia unaumia upya. Wazazi wapewe kazi pia, hata ndogo. Mzazi asiye na kazi hukaa mlangoni akikutazama unavyopumua.

Tafuta vijana wenzako wenye ugonjwa. Wataalamu wengi huwahesabu wagonjwa wa miaka 15 hadi 39 kama kundi lao peke yao, kwa sababu maswali yao ni ya masomo, kazi, mapenzi na watoto, na hayaulizwi wodi ya watoto wala wodi ya wazee. Huko Uingereza, Teenage Cancer Trust walifungua wodi yao ya kwanza ya vijana jijini London mwaka 1990. Penye kukosekana wodi kama hiyo, mwombe nesi akukutanishe na hata mmoja wa rika lako. Ila ujiandae: kuna watakaofariki, na utaogopa, na utajiuliza kwa nini wao. Siku hiyo mpigie mtu wako wa usiku. Na kikundi kikianza kuwauzia wagonjwa dawa za miujiza, toka.

Watakuletea pia habari ya kusudi, kwamba ugonjwa umekuja na somo, ukaanzishe jambo kubwa. Usikubali kusukumwa. Mfano unaotolewa sana ni wa Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu wa kulia mwaka 1977 akiwa na miaka 18 kwa saratani ya mfupa. Aprili 1980 alianza kukimbia kuivuka nchi yake kwa mguu wa bandia ili kuchangisha fedha za utafiti, akakimbia siku 143 na kilomita 5,373 mpaka saratani ilipofika mapafuni. Alifariki mwaka uliofuata, na mbio za kumkumbuka bado zinachangisha hadi leo. Ninachokuomba uone ni ile miaka mitatu ya katikati. Usiku wa kuamkia upasuaji, kocha wake wa mpira wa kikapu alimletea makala ya mtu aliyekimbia marathoni ya New York akiwa na mguu mmoja. Halafu kikafuata kipindi cha kemo, cha kujifunza kutembea, cha mazoezi. Hakuna aliyemdai kilomita wodini.

Langu lilikuwa dogo. Siku ambazo kichefuchefu kilinipa nafasi nilimfundisha mtoto wa jirani hesabu, nusu saa. Hakuwahi kuniuliza nywele zimekwenda wapi. Alitaka kujua kwa nini robo ni ndogo kuliko theluthi wakati nne ni kubwa kuliko tatu. Ile nusu saa sikuwa mgonjwa. Tafuta kitu cha ukubwa huo, chenye mtu anayekungoja.

Daftari lako lisiishie dripu ya mwisho. Acha kurasa za miezi mitatu ya mbele, zenye majina, kwa kuwa wengi huzama pale kila mtu anaposhangilia kwamba yameisha. Ukiona hulali, huli, au mawazo ya kujidhuru yanakupitia, hiyo ni dalili kama homa ilivyo dalili, itibiwe. Andika jumla ya kila dawa uliyopewa. Ile nyekundu, doksorubisini, ina kikomo ambacho jumla yake haitakiwi kukipita maishani mwako mwote, kwa sababu huweza kuudhuru moyo, na daktari wa miaka 20 ijayo atataka kuijua jumla yako. Usiendeshe chombo siku ya dripu. Usisaini usichosoma. Anayekohoa asikae karibu nawe, hata akiwa mchungaji au shangazi. Mikono ioshwe. Simu ichajiwe kabla ya kulala. Na kipimajoto kinunuliwe leo, pamoja na betri ya akiba.