Sali Zaburi ukikimbia, nayo ikupimie mwendo

Kwa wanaojiandaa kwa mbio za kilomita 42.195, kama zile za Moshi chini ya Mlima Kilimanjaro, nimejifunza jambo dogo linaloufaa mwili na imani pamoja: katika mazoezi ya mbio ndefu, sali Zaburi ya 121 kwa sauti, na ukishindwa kumaliza mstari bila kuhema, punguza mwendo hadi uweze. Ina mistari 8 tu, hivyo hushikika upesi. Njia hii hufaa kwa sababu katika mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza, misuli hupata oksijeni ya kutosha, na hapo ndipo ustahimilivu hujengeka. Imani nayo hujengeka vivyo hivyo, kwa sala za siku za kawaida ambazo hakuna anayezishangilia, wala si kwa sala ya siku ya dhiki peke yake. Waebrania 12:1 inataka tupige mbio kwa saburi, na saburi, naamini kwa dhati, haifundishwi na kasi. Njia hii ya kusali kwa sauti haifai siku ya mazoezi ya kasi wala kwenye mlima mkali, ambako pumzi hukatika hata kwa mkimbiaji aliyeiva. Hapo tosheka na "Bwana, nihurumie" kimoyomoyo. Tena, kinywa kikikariri huku mawazo yote yakiwa kwenye saa ya mkononi, mwendo utakuwa sahihi lakini hujasali: tembea kidogo, tulia, kisha anza upya mstari wa kwanza.