Namna ya kupima udongo wa kando ya barabara na kuamua cha kupanda

Kabla ya kuchukua sampuli yoyote, tafuta kwanza historia ya barabara na ya kiwanja chenyewe, kwa sababu wingi wa magari yanayopita leo hauelezi kila kitu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi, ile metali nzito yenye sumu, kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini risasi iliyotoka kwenye moshi wa magari kabla ya hapo haiozi. Imejishika kwenye udongo wa juu, na pale ambapo udongo haujachimbuliwa inaweza kukaa kwa miongo mingi. Kwa hiyo ukingo wa barabara kuu ya zamani, hata kama siku hizi ina magari machache, unaweza kuwa na risasi nyingi kuliko ukingo wa barabara mpya yenye foleni kutwa nzima. Barabara mpya nayo ina mashaka yake: matairi yanaposagika huacha zinki, na breki zinapolika huacha shaba. Waulize wenyeji kama pamewahi kuwa na gereji, fundi wa betri au watu wa kuchoma nyaya ili wapate shaba, maana betri moja ya gari ina kilo kadhaa za risasi, na ikipasuliwa shambani huharibu mahali hapo kuliko vumbi la barabarani.

Uchafu wa magari hupungua haraka kadiri unavyoondoka kwenye lami, na sehemu kubwa huangukia ndani ya mita 30 hivi za mwanzo. Kwa sababu hiyo usichanganye udongo wa shamba zima katika mfuko mmoja, kwani wastani wake utaficha ubaya wa ukingo na kuutia dosari upande wa ndani ulio salama. Chora mistari inayokwenda sambamba na barabara, kwa mfano mita 2, mita 10 na mita 30 kutoka kwenye lami, kisha ongeza sampuli ya kulinganishia kutoka mahali palipo mbali na barabara lakini penye udongo wa aina ileile. Katika kila mstari chota udongo mahali 10 au zaidi, kina cha sentimita 10 ikiwa ardhi haijalimwa, na sentimita 20 ikiwa jembe limekwisha kuugeuza. Tumia mwiko wa plastiki au wa chuma kisichoshika kutu, na uepuke ndoo za bati, kwa kuwa bati hupakwa zinki na zinki hiyo itaingia kwenye majibu yako. Changanya udongo wa kila mstari katika beseni la plastiki, bakisha nusu kilo, uanike kivulini juu ya karatasi safi mbali na vumbi, kisha uutie kwenye mfuko mpya wenye maandishi ya mahali, kina na tarehe.

Nchini Tanzania unaweza kuanza kuulizia Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, au kituo cha utafiti wa udongo cha Mlingano, Tanga. Nchini Kenya, ulizia KALRO, yaani shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kituo cha Kabete. Eleza waziwazi kwamba unataka wapime risasi, kadimiamu (metali nyingine yenye sumu), zinki, shaba na pH, yaani kiwango cha tindikali ya udongo, kwa kuwa kipimo cha kawaida cha rutuba hakigusi metali hizo, na wako watu waliolipia kipimo hicho wakarudi nyumbani wakidhani udongo wao umethibitishwa kuwa safi.

Ikiwa mboga zimekwisha kuota, zipime nazo, na hapa kuna hatua ambayo wengi huiruka. Gawa mboga za tuta moja mafungu mawili. Fungu moja lioshwe vizuri kwa maji safi kama linavyooshwa jikoni, jingine lipelekwe na vumbi lake. Tofauti ya majibu ndiyo itakayokuelekeza la kufanya. Risasi hupanda kwa shida kutoka kwenye mizizi kwenda kwenye majani, na mara nyingi inayokutwa kwenye mchicha wa barabarani ni vumbi lililotua juu yake. Kadimiamu, kinyume chake, hufyonzwa kwa urahisi na kukaa ndani ya jani, ambako hakuna maji yatakayoifikia. Kuchemsha hakuharibu metali yoyote kati ya hizo.

Soma majibu kwa uangalifu, kwa sababu maabara nyingi hutoa kipimo cha mboga iliyokaushwa, ilhali viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya usalama wa chakula, ni vya mboga mbichi: miligramu 0.3 za risasi na miligramu 0.2 za kadimiamu kwa kila kilo ya mboga za majani. Mchicha una maji karibu asilimia 90, kwa hiyo gawa takwimu ya mboga kavu kwa 10 ndipo ulinganishe. Upande wa udongo, risasi iliyo chini ya miligramu 50 kwa kilo ni ya kawaida katika ardhi nyingi. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilishusha kiwango chake cha tahadhari kwa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200, na kwa maoni yangu bustani ya chakula haifai kungoja ifike huko.

Ikiwa tatizo ni vumbi, panda ua mnene wa michongoma upande wa barabara, tandaza nyasi juu ya matuta ili mvua isirushe udongo kwenye majani, na uoshe mboga kwa kubadilisha maji mara kadhaa. Majani ya maboga, yenye vinyweleo, hushika vumbi vibaya na ni afadhali yalimwe kwingine. Ikiwa tatizo liko ndani ya udongo, acha mchicha, matembele na sukuma wiki, upande mazao ya matunda kama bamia, nyanya na bilinganya, ambayo kwa kawaida hubeba metali kidogo zaidi. Mizizi kama karoti imenywe kabla ya kuliwa. Ongeza mboji, na kama udongo una tindikali weka chokaa ya kilimo hadi pH ifike 6.5 au 7, kwa kuwa hapo kadimiamu hufyonzwa kwa shida. Majivu nayo hupunguza tindikali, ila yasiwe ya mbao zilizopakwa rangi. Majibu yakiwa mabaya kabisa, inua matuta kwa sentimita 30 za udongo safi, na usimwagilie kwa maji ya mtaro wa barabara.

Nyasi za ukingoni zinazokatwa kwa ajili ya ng'ombe wa ndani zinastahili tahadhari ileile, hasa wakati wa kiangazi zikiwa zimefunikwa na vumbi. Vilevile wakataze wajawazito kuchukua udongo wa kula mahali hapo, na usiwaache watoto wauchezee, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Barabara ikipanuliwa, rudia vipimo, na ukatae kifusi cha bure kinachotolewa na malori, kwani mara nyingi ndio huohuo udongo wa ukingo wa zamani.