Jumamosi chini ya mivinje, Jumapili kwenye ndoo: wikendi na mtoto wa miaka miwili Mombasa

Mtoto wa miaka miwili akitembea, mkadirieni kilomita moja kwa saa nzima, na hiyo ni ikiwa njiani hakuna jongoo. Jongoo akionekana, ongeza robo saa. Basi chagueni njia fupi ya kuzunguka, inayowarudisha mlipoanzia, na mpange mwendo wa saa moja na nusu, usiozidi. Jua la Pwani huanza kuuma saa nne asubuhi, na kufikia hapo mtoto awe kivulini anakula.

Kwa mara ya kwanza hakuna mahali pazuri kuliko Haller Park, Bamburi. Njia ni tambarare, kivuli kipo, na barabara ya Malindi iko karibu mtoto akikataa katakata. Zamani hapa palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu wenye maji ya chumvi. Upandaji ulianza 1971. Kati ya aina 26 za miti zilizojaribiwa, tatu tu ndizo zilizoshika, mvinje ukiwamo. Ila majani ya mvinje, yale membamba kama sindano, yalirundikana chini bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wenye miguu myekundu. Wao huyala, na mavi yao ndiyo yaliyoanza kuwa udongo.

Mwonyesheni mtoto hayo kwa kijiti. Fukueni taratibu: juu sindano kavu, chini yake zilizovunjikavunjika, kisha punje nyeusi. Jongoo atazamwe tu, asishikwe. Akibughudhiwa hutoa majimaji yanayotia ngozi doa na kuwasha macho vibaya, na mtoto hakosi kujifikicha. Akimshika, mnawisheni kwa maji na sabuni papo hapo.

Mtoto huyu ana kilo kumi na mbili hivi, na atachoka ghafla, kwa hiyo leso ya mgongoni isikosekane. Ifungeni magoti yakae juu kuliko makalio, uso uwe wazi. Jasho la mbebaji na la mtoto huchanganyika, joto likapanda pasi nyinyi kugundua, basi pokezaneni kila dakika ishirini. Maji mpeni kidogo kidogo kila robo saa, msingoje aombe. Mdomo ukikauka, akilia bila machozi, au nepi ikikaa kavu kwa muda wa saa sita, huyo ameishiwa maji na safari imekwisha. Chakula kiwe ndizi, kiazi kitamu cha kuchemsha, mahamri. Njugu nzima ziacheni nyumbani, humkaba.

Hifadhi ya Shimba Hills kule Kwale ni hatua ya pili, na mimi ningengoja atimize miaka mitatu. Maporomoko ya Sheldrick yana urefu wa mita 21 na mnashuka kwa miguu mkiwa na askari wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Kushuka ni rahisi. Kazi ni kupanda kurudi, mtoto akiwa amelala mgongoni. Malipo ni ya kimtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020, basi bebeni chupa ya chuma. Msivae buluu wala nyeusi, rangi hizo huvuta mbung'o. Msiguse maganda yenye manyoya ya upupu. Mkirudi, mkagueni mtoto nyuma ya masikio, kwapani na kinenani. Kupe hubanwa karibu na ngozi kwa kibanio na kuvutwa wima bila kuzungusha. Mafuta ya taa msipake.

Jumapili ni zamu ya bustani, na shida ni ile ile ya Bamburi: chini ya nyumba nyingi za hapa kuna mwamba wa matumbawe, na maji ya kisima mara nyingi yana chumvi. Pandeni kwenye ndoo za lita 20. Toboeni mashimo matano chini, kila moja upana wa kidole kidogo. Mchanganyiko ni udongo mwekundu ndoo mbili, samadi kuukuu ya ng'ombe ndoo moja, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa ndoo moja. Makumbi yaloweke siku mbili na kubadilishiwa maji mara mbili, maana nayo yana chumvi. Samadi ipimeni kwa mkono: ikiwa na joto au harufu kali, bado ni mbichi na itaunguza mizizi.

Wengi watawaambia mtie majivu. Hapa msitie. Udongo wetu tayari una chokaa tele, majivu yanazidisha, na mmea unashindwa kufyonza chuma: majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani.

Mchicha ndio wa mtoto, kwa sababu huchipua siku ya tatu hadi ya tano, kabla yeye hajasahau. Changanyeni kijiko kimoja cha chai cha mbegu na konzi ya mchanga mkavu, ndipo anyunyize yeye, ndoo nne au tano. Bila mchanga atamwaga zote mahali pamoja. Funikeni kwa udongo nusu sentimita tu. Mbegu ikizama zaidi haitoki. Mabenda hulowekwa usiku kucha, mbegu mbili kwa ndoo, kina cha sentimita mbili, kisha mnabakiza mche mmoja.

Kumwagilia ni asubuhi na jioni, na wakati wa kaskazi ndoo hunywa hadi lita mbili kwa siku. Mtoto mpeni chupa ya nusu lita iliyotobolewa kizibo kwa msumari wa moto. Ukoko mweupe ukitokea juu ya udongo, ni chumvi: mwageni maji matamu au ya mvua kwa wingi mpaka yatiririke chini kwa muda.

Ndoo ya maji isiachwe wazi hata dakika moja. Mtoto huzama kwenye maji ya kina cha kiganja. Visahani vya chini ya ndoo vimwagwe kila wiki, maana mbu wa homa ya dengue huzaliana humo. Na kama ua wenu una mbarika au mbono kaburi, ung'oeni kabla ya yote: mbegu zake ni sumu na zinafanana na peremende.

Mchicha ukifika shibiri, wiki ya tatu au ya nne, kateni sentimita tano juu ya udongo ili uchipue tena. Mtoto yeye atang'oa na mizizi. Mtengeeni ndoo yake ya kung'oa.